Waini ya "Reserve" na kijana wa duka la Mtwara mjini

Nianze na yule kijana wa dukani, waini yenyewe nitaifikia nikishapoa.

Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Masasi, nikataka chupa ya heshima. Dukani kulikuwa na mbili za kampuni moja ya California, zabibu zilezile. Moja elfu thelathini na tano, nyingine elfu sitini. Hii ya sitini ina neno "Reserve" kwa herufi za dhahabu. Kijana akaniapia: "Hii imelala kwenye mapipa miaka, mama. Ndiyo wanayokunywa wenye shamba wenyewe." Nikalipa.

Baba mkwe kafanya kazi hotelini miaka mingi. Akaonja, akageuza chupa, akasoma nyuma, akatabasamu. "Mwanangu, hilo neno kwa Wamarekani halina sheria." Mbele ya mawifi!

Usiku nikasoma mpaka macho yakauma. Ni kweli. Hispania waini nyekundu haiitwi "Reserva" mpaka itimize walau miaka 3, mmoja wake kwenye pipa. Sheria ya shirikisho la Marekani haisemi lolote, hata ya juzi inabandikwa "Reserve". "Old Vine" (mzabibu mkongwe) nayo vivyo hivyo, mzabibu una umri gani hakuna anayekuuliza. Jina la zabibu kwenye lebo? Asilimia 75 ya waini ikitokana na zabibu hiyo inatosha, inayobaki ni siri yao. Na ile "Vinted and bottled by" ya nyuma (yaani imetayarishwa na kutiwa chupani na fulani), anayejitaja pale si lazima awe ndiye aliyeichachusha. Anaweza kuinunua ikiwa tayari, akaitia kwenye chupa zake.

Nikarudi dukani. Kijana hata simu hakuiweka chini. "Mama, lebo sikuandika mimi. Kwani uongo uko wapi hapo?"

Hapo ndipo aliponimaliza, maana kwenye lebo uongo haupo. Kila neno ni halali. Mama anayeniuzia uraka, ile pombe ya mabibo, kila msimu wake hana lebo wala herufi za dhahabu, lakini atakwambia huu wa leo, ule wa jana umeshakuwa mkali, chagua mwenyewe. Habari ya mapipa je, ilikuwa kwenye lebo? Haikuwepo, aliitunga yeye! Nilipomkumbusha akasema ndivyo alivyoambiwa na bosi.

Haya, waini. Nyota moja. Ingawa, tuseme haki, ilikuwa nzuri. Laini, haikwaruzi koo, na samaki wa kupaka ilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Mama mkwe, ambaye kwa kawaida huonja tu kwa adabu, aliulizia kama kuna nyingine. Basi nyota tatu. Lakini nikikumbuka elfu ishirini na tano niliyolipia neno moja, narudi kwenye moja. Mtakaokwenda, chukueni ile ya thelathini na tano, na kijana akianza habari za mapipa mwambieni amwite bosi wake.