Bango langu la mashua za 1915: fundi wa kuchapa, komini ya Kenya (mtaa wa jiji la Lubumbashi, Kongo)

Nilimpelekea fundi ramani niliyochora kwa penseli na karatasi tatu za maelezo. Nilitaka bango la turubai, mita 2 kwa 1, la kufundishia mwaka wa nne wa sekondari: maisha ya kazi ya Geoffrey Spicer-Simson, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyepitisha mashua mbili za vita hapa hapa kwetu mwaka 1915, kuzipeleka ziwa Tanganyika kupigana na Wajerumani.

Kosa kwanza. Kijana wa kompyuta alisoma "Mimi ilishushwa majini Desemba 1915", akaona ni Kiswahili kibovu, akaandika "Mimi nilishushwa majini". Kumbe Mimi ni jina la mashua! Ya pili iliitwa Toutou. Niligundua bango limeshatoka kwenye mashine, wino bado mbichi. Mwenye duka hakubishana. "Mwalimu, kosa ni letu, kaa kidogo." Akachapa jingine bila kuniongezea hata franka. Umeme ulikatika, nikangoja saa mbili, ila walinipa kiti na maji ya kunywa.

Kazi yenyewe ni nzuri sana. Bluu ya ziwa Tanganyika haikumeza maandishi, na mstari mwekundu wa safari unaonekana hadi dawati la nyuma: reli toka Cape Town, ikapita Elisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu, ikaishia Fungurume. Hapo mashua zikavutwa kwa trekta za mvuke na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba hadi Sankisia, kisha Bukama, mto Lualaba, Kabalo, mpaka Kalemie, ziwani. Penye Mitumba niliomba herufi nene kuliko jina la ofisa, na fundi alinielewa mara moja. Ni kwa ajili ya watu waliojenga madaraja porini, na wanawake waliobeba maji vichwani ili trekta zisikaukiwe. Mwaka 1914 meli ya Niger, iliyokuwa chini ya Spicer-Simson, ilizamishwa karibu na Deal, Uingereza, yeye akiwa nchi kavu, akaishia kwenye kazi ya ofisini. Jina alilipatia huku: tarehe 26 Desemba 1915 aliiteka Kingani, meli ya Wajerumani, na Februari 1916 meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazama. Migongo ya watu wetu ndiyo iliyomfikisha ziwani, na wanafunzi wangu wanalisoma hilo kila asubuhi.

Safu ya mwisho sikuipenda. Miaka yake ya Monaco, 1921 hadi 1937, alipokuwa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya ramani za bahari, na kifo chake Kanada mwaka 1947, vimebanwa kwa herufi ndogo mno. Wangeniambia mapema nafasi haitoshi, ningepunguza maneno. Pete za kutundikia nazo wameweka juu tu, basi upepo wa dirishani unalikunja bango kwa chini.

Nililipa dola 20, na mwezi ujao narudi kwao na ramani ya reli. Nawe ukienda, majina ya meli yaandike kwa herufi kubwa zote, na usiondoke mezani kabla hujaisoma nakala kwenye kompyuta.