TestDisk: programu ya bure iliyonirudishia diski iliyopoteza patisheni

Diski ya nje ya terabaiti 1 ninayohifadhia kazi za studio yangu ya picha hapa Tanga ilipoteza patisheni yake, yaani sehemu ya diski iliyotengwa kuhifadhia faili, jioni moja, pale waya wa USB ulipochomoka nikiwa katikati ya kuhamisha picha za harusi. Nilipoichomeka tena, Windows iliitambua kuwa ipo, lakini ikaionyesha yote kama nafasi tupu ambayo haijagawanywa. Fundi wa kwanza niliyempelekea alitaka kuigawa upya na kuifomati, ndipo aanze kutafuta faili. Nilimkatalia, nikarudi nayo nyumbani, na kwa siku mbili nikajifunza kutumia TestDisk. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wanaotunza kumbukumbu za watu, kwa sababu wengi wetu hukubali diski zifomatiwe kwa kudhani kwamba njia nyingine haipo.

TestDisk imeandikwa na Mfaransa Christophe Grenier, na hutolewa bure chini ya leseni huria ya GPL kwa watumiaji wa Windows, Linux na macOS. Mimi nilitumia toleo 7.2 la mwaka 2024. Haihitaji kusakinishwa, unafungua folda uliyoipakua na kuiendesha kwa ruhusa za msimamizi wa kompyuta. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu programu mbili za kulipia, ambazo zote zilinionyesha majina ya faili zangu bila malipo, kisha zikadai fedha nilipotaka kuzihifadhi.

Ili kuelewa kwa nini programu hii inaweza kufanikiwa, ni vyema kujua ni kitu gani hasa huharibika. Katika diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, kama yangu, orodha ya patisheni hukaa katika sekta (kipande kidogo cha diski) ya kwanza kabisa, yenye baiti 512, na orodha yenyewe huchukua baiti 64 tu, yaani nafasi 4 za baiti 16 kila moja. Baiti hizo zikivurugika, kompyuta haijui tena patisheni inaanzia wapi na kuishia wapi, ingawa picha zenyewe hazijaguswa. TestDisk hupita diskini ikitafuta alama za mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga faili diskini, na mfumo wa NTFS unaotumiwa na Windows huirahisishia kazi kwa kuweka nakala ya sekta yake ya mwanzo katika sekta ya mwisho ya patisheni. Diski za mtindo mpya wa GPT zina nafuu zaidi, kwa kuwa nakala ya orodha nzima ya patisheni hutunzwa mwishoni mwa diski.

Ukiifungua, utakutana na skrini nyeusi yenye maandishi ya Kiingereza, isiyotumia kipanya, na mtu aliyezoea kubofya vitufe vya rangi atapata shida. Hii ndiyo kasoro yake kubwa, na sioni sababu ya kuificha. Katika hatua ya kwanza unachagua diski, na hapo nilitulia muda mrefu nikilinganisha ukubwa na jina la mtengenezaji, maana ukikosea hapa utafanyia kazi diski ya kompyuta yenyewe. Baada ya hapo unathibitisha mtindo wa mgawanyo, ambao programu hukupendekezea, kisha unaagiza utafutaji wa haraka. Upo pia utafutaji wa kina, ambao kwa diski kubwa unaweza kuchukua saa nyingi, lakini kwangu ule wa haraka ulitosha.

Uliniletea patisheni mbili. Moja ilikuwa masalio ya zamani, ya wakati nilipokuwa nimeigawa diski mara mbili, na nyingine ilichukua diski nzima. Hapa ndipo nilipoithamini TestDisk kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ukiweka mshale juu ya patisheni na kubonyeza herufi P, inakuonyesha faili zilizomo kabla haijaandika chochote diskini. Kwenye patisheni ya kwanza ilinijibu kwamba mfumo wa faili umeharibika. Kwenye ya pili zilijitokeza folda zangu mstari kwa mstari, majina na tarehe zake kamili, kuanzia picha za pasipoti hadi Harusi_Pongwe_2021. Niliinuka nikamwita mke wangu aje aone.

Ushauri wangu kwa atakayefika hapo ni kwamba asikimbilie kubonyeza "Write". Agizo hilo huandika upya orodha ya patisheni, na likitolewa juu ya patisheni isiyo sahihi, linaongeza tatizo juu ya tatizo. Nakili faili kwanza. Herufi a huchagua zote zilizo mbele yako, na C kubwa huzinakili. C ndogo hunakili ile moja tu iliyo chini ya mshale, jambo lililonipotezea dakika kadhaa kabla sijalielewa. Zipeleke kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye ile ile unayoiokoa. Shemeji yangu aliniazima diski ya terabaiti 2, na unakili ulianza saa mbili usiku ukaisha karibu na adhana ya alfajiri. Baada ya kufungua picha kutoka kila folda na kuridhika, ndipo nilipoandika orodha mpya na kuwasha upya kompyuta, na diski ikarudi na herufi yake ya awali.

Sharti niseme wazi mahali ambapo programu hii haifai. Diski inayogongagonga au kukwaruza ndani ina ugonjwa wa kifaa chenyewe, na kila dakika ya kuisoma inaweza kuimaliza. Hiyo izimwe na ipelekwe kwa mtaalamu mwenye vifaa vya kuifungua. Diski yenye sekta mbovu chache inapaswa kwanza kunakiliwa nzima kwa programu ya ddrescue, kisha TestDisk ielekezwe kwenye nakala. Na ikiwa mfumo wa faili wenyewe umeshafutika, kinachobaki ni PhotoRec, ambayo huja katika folda hiyo hiyo na hutafuta picha kwa alama zake za mwanzo, bila kurudisha majina wala mpangilio wa folda. Kwa mwenye studio, kupewa maelfu ya picha zisizo na majina ni kazi ya wiki kadhaa.

Mwisho wa unakili, TestDisk ilihesabu faili 41,306 zilizofaulu na 3 zilizoshindikana. Hizo 3 ni picha zilizokuwa zikihamishwa waya ulipochomoka. PhotoRec ilinipatia mbili zikiwa kamili. Ya tatu hufunguka nusu: uso wa bibi harusi unaonekana vizuri, na kuanzia mabegani kwenda chini ni rangi ya kijivu.