Saiba za kuandaa tenda Malindi: walipe kwa kitabu, pendekezo la kiufundi andikeni wenyewe

Ofisi nyingi ndogo za wahandisi na wasanifu majengo Malindi hazina mtu wa kushughulika na makaratasi ya tenda kutwa nzima, basi kazi hupelekwa saiba, yaani duka la huduma za kompyuta na intaneti. Huko hupakuliwa waraka wa zabuni, vyeti hukusanywa, fomu hujazwa, kurasa hupigwa nambari, kitabu hubaindiwa na bahasha hufungwa. Hapa tunaipima huduma hiyo kwa kazi za ushauri wa kitaalamu pekee, yaani michoro, usanifu na usimamizi wa ujenzi. Tenda za wakandarasi ni mambo mengine.

Kwa makaratasi, huduma inafaa pesa yake. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inataka mzabuni apige kurasa nambari za mfululizo, na kamati ya kutathmini zabuni hukagua hilo katika hatua ya kwanza kabisa. Saiba iliyozoea hupiga kuanzia 1 hadi ukurasa wa mwisho, vyeti na karatasi za kugawanya sehemu zikiwemo. Isiyozoea huanza upya kila sehemu, au cheti kilichosahaulika huchomekwa katikati kikaandikwa 47a. Kitabu cha namna hiyo kinaweza kutupwa nje kabla mtu hajasoma wasifu hata mmoja. Keti papo hapo ukague ukurasa kwa ukurasa kabla ya kubaindi, kwa sababu baada ya hapo marekebisho ni kung'oa kitabu kizima.

Fomu nazo huzijaza vyema maana huwa ni zile zile: hojaji ya siri ya biashara, matamko ya SD1 na SD2 (kwamba hujazuiwa kushiriki zabuni na kwamba hutafanya ufisadi), na cheti cha kuthibitisha kwamba bei haikupangwa pamoja na wazabuni wengine. Wewe linganisha hojaji na CR12, hati ya msajili wa kampuni inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Majina ya wakurugenzi na hisa zao yafanane herufi kwa herufi, na anayetia sahihi awe ndiye aliyetajwa kwenye hati ya uwakilishi.

Tatizo huanza saiba inapochukulia kila tenda kuwa ya ujenzi. Utakuta cheti cha NCA (Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi) kimewekwa mbele kabisa, ilhali NCA husajili wakandarasi. Kwa kazi ya michoro kinachotafutwa ni leseni ya mwaka huu ya EBK (Bodi ya Wahandisi) kwa mhandisi, na usajili wa BORAQS (bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi) kwa msanifu majengo au mkadiriaji majenzi. Vyeti vya chuo havishiki nafasi ya leseni hizo hata viwe vingi vipi.

Kosa jingine, tena hili linauma, ni bei kuvuja. Kazi za ushauri huwa na bahasha mbili, ya kiufundi na ya kifedha, na ya kifedha hufunguliwa kwa waliopita alama za kiufundi tu. Saiba hunakili barua ya utangulizi ya tenda ya zamani yenye jumla ya bei, ikaingia kwenye bahasha ya kiufundi. Au waraka unapotaka nakala kwenye flashi, faili zote mbili huwekwa kwenye flashi moja. Kazi ya miezi imepotea hapo. Mwambie mhudumu afungue flashi mbele yako kabla haijaingia bahashani.

Pendekezo la kiufundi ndilo tusilolipendekeza kabisa kununuliwa saiba. Tazama hesabu. Tuseme alama za kiufundi zina uzito wa 80 na bei 20. Ofisi A imepata 88 na inadai milioni 6. Ofisi B imepata 79 na inadai milioni 4.8. Bei ya chini hupewa 100, na ya A inakuwa 4.8 kugawanya kwa 6 mara 100, yaani 80. Jumla ya A ni 70.4 na 16, sawa na 86.4. B anapata 63.2 na 20, sawa na 83.2. Aliye ghali kwa milioni 1.2 ameshinda. Hata uzito ukiwa 70 kwa 30, A bado yuko mbele, 85.6 kwa 85.3. Alama hizo hutoka kwa wasifu wa wataalamu na maelezo ya jinsi kazi itakavyofanywa, na maelezo ya kunakili hujulikana mara moja.

Chukua kazi ya kukarabati jengo ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, ulioingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Pendekezo la saiba litasema timu itazuru eneo la kazi kwa gari na kupima nguvu za zege. Nyumba zenyewe ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, vichochoro havipitishi gari, na kutoka Mokowe, upande wa bara, unavuka kwa boti. Anayesoma anajua kwamba mwandishi hajafika. Eleza vipimo vya kuta na boriti, unyevu na chumvi, na mashauriano na Makavazi ya Kitaifa, kisha uweke nauli ya boti na usafirishaji wa vifaa kwa punda kwenye gharama zako.

Kwa zabuni za mtandaoni, usikubali akaunti ifunguliwe kwa baruapepe ya saiba. Nambari ya siri itumwe kwenye simu ya mkurugenzi. Mhudumu akihama, utakuta siku ya kufunga tenda huwezi kuingia.

Ulizeni bei kwa ukurasa na kwa kitabu, si kwa "tenda nzima", kwa sababu ndani ya hiyo jumla ndimo pendekezo la kunakili linapofichwa. Na barua ya matokeo ikija, msiiache mezani kwa saiba. Mlioshindwa mna haki ya kuelezwa sababu, na siku 14 tangu kuarifiwa ndizo za kupeleka malalamiko kwa Bodi ya Rufaa ya zabuni za umma.