Kamera ya kwanza kwa mpiga picha wa Mwanza: ipi ununue, ipi uiache

Mwongozo huu ni wa mtu anayepiga picha kwa mapenzi tu, anayeishi Mwanza au popote kando ya ziwa, na ambaye amejibana mpaka akapata kati ya laki sita na milioni moja na nusu. Wapiga picha za harusi wana mahitaji yao na bei zao, siwagusi hapa. Nimepanga machaguo kuanzia lile ninalolipendekeza zaidi, na kigezo changu si wingi wa megapikseli. Najiuliza: kifaa hiki kitanipa picha nzuri ya vitu vilivyopo hapa kwetu, yaani soko la samaki la Mwaloni Kirumba alfajiri, Bismarck Rock jioni, pimbi wa kisiwa cha Saanane, ngoma za Bujora, bila kunigombanisha na watu ninaowapiga?

Nusu ya pili ya swali hilo huwa haiulizwi dukani. Lakini ndiyo inayoamua kama kamera itafanya kazi au italala kabatini.

1. DSLR iliyotumika, na lenzi moja ya f/1.8

Hili ndilo chaguo langu la kwanza, na sioni la kulikaribia. DSLR ni kamera ya kubadilisha lenzi yenye kioo cha kuakisi ndani. Kampuni kubwa zimehamishia nguvu kwenye mirolesi, yaani kamera zisizo na kioo hicho, kwa hiyo DSLR nzuri zinauzwa chini ya thamani ya kazi zinazoweza kufanya. Kwa Nikon tafuta D3300, D3400 au D3500. Kwa Canon tafuta 700D, 750D au 200D. Hiyo 700D ina megapikseli 18 tu, na bado utachapisha picha ya ukubwa wa A3 ikatoka safi. D3500, iliyotoka 2018, kwa kipimo cha kiwandani hufikisha picha 1,550 kwa betri moja. Mtu anayekwenda Ukara kwa siku mbili anaelewa maana yake.

Bodi, yaani kamera bila lenzi, ikishapatikana, hela inayobaki iende kwenye lenzi. Lenzi ya 18-55mm inayokuja na kamera, ukiivuta mpaka mwisho, hufunguka f/5.6 basi; namba hii ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni pana zaidi. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi ya hapo. Chukua mfano wa Mwaloni kabla jua halijachomoza: mama anapanga kayabo chini ya taa moja, chumvi imeganda juu ya samaki, mikono yake haitulii. Kwa f/5.6 utalazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, mpaka 6400 na sura itajaa chenga. Kwa f/1.8, mwanga uleule, unashuka mpaka 640 na unaziona punje za chumvi moja moja. Hakuna bodi mpya itakayokupa tofauti hiyo kwa hela hiyo.

Canon 50mm f/1.8 STM ina uzito wa gramu 160 hivi na inaingia mfuko wa koti. Kwa Nikon napendelea 35mm f/1.8G, maana kwenye bodi hizi ndogo 50mm inabana kidogo ukiwa ndani ya nyumba au kwenye vichochoro vya soko. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawakwambii: bodi za Nikon D3300 hadi D3500 hazina mota ya fokasi ndani yake. Ukiuziwa ile 50mm f/1.8D ya zamani kwa sababu ni rahisi, itafunga vizuri kabisa, ila fokasi utazungusha kwa mkono maisha yako yote. Hakikisha kwenye lenzi pameandikwa AF-S au AF-P.

Lenzi hizi hazina zumu, na kwangu hiyo ni faida. Ukitaka sura ya mtu, lazima usogee mpaka hatua mbili tatu. Ukifika hapo huwezi kukaa kimya; utasema shikamoo mama, au mwangaluka ya Kisukuma, utajieleza, na picha itakayotoka itakuwa ya mtu aliyejua anapigwa.

2. Simu uliyonayo

Naiweka ya pili kwa moyo wote. Kama simu yako ina hali ya usiku na inakuruhusu kuhifadhi faili la RAW, yaani picha ghafi isiyochakatwa, tayari unayo kamera inayotosha kujifunzia mwanga na upangaji wa picha. Nunua stendi ndogo ya miguu mitatu na pawabenki, ufute kioo cha lenzi kabla ya kila picha, na ubaki na hela yako. Inapokwama ni kwenye vitu vya mbali na vinavyotembea gizani. Zile taa za wavuvi wa dagaa usiku usio na mbalamwezi, ukizitazama kutoka Capri Point, simu nyingi huzigeuza kuwa madoa.

3. Mirolesi ndogo iliyotumika

Sony a6000 ya 2014 na Canon M50 ya 2018 ndizo zinazopatikana zaidi kwa bajeti hii. Uzuri wao mkubwa ni kwamba ukichungulia unaiona picha jinsi itakavyotoka. Jioni, mtu akisimama mbele ya ziwa linalong'aa, uso wake huwa mweusi tii. Kwenye mirolesi unaliona tatizo hilo kabla ya kubonyeza na unaongeza mwanga palepale. Pia ni ndogo, hazitishi watu.

Kinachonifanya niziweke ya tatu ni gharama zinazofuata. Betri za a6000 hazifiki picha 400, kwa hiyo ya pili ni lazima. Lenzi zake ni ghali. Na Canon iliufunga ukoo mzima wa EOS M mwaka 2023, maana yake M50 haitapata lenzi mpya ya Canon tena. Utaishi na zilizopo au utumie adapta kufunga lenzi za DSLR. Tena ukibadilisha lenzi nje miezi ya Juni hadi Agosti, vumbi linatua moja kwa moja kwenye kihisi (sehemu inayopokea mwanga), maana hakuna kitu mbele yake. Kama bajeti yako imegonga ile milioni moja na nusu na huendi vumbini sana, a6000 inaweza kupanda hadi namba moja. Sitabishana na wewe.

4. Kamera ya zumu ndefu isiyobadilishwa lenzi

Nikon P900 inavuta mara 83, Canon SX70 HS mara 65. Kwa mpenzi wa ndege ni raha: furukombe aliyetulia juu ya mti Saanane anajaa fremu, na mdiria anayeninginia juu ya maji unamwona mdomo. Lakini kihisi chake kinalingana na cha simu za kawaida, kwa hiyo mwanga ukipungua tu picha zinachakaa, na hapa kwetu, karibu na ikweta, jua hupanda haraka na ile saa ya mwanga mzuri ni fupi.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo nzito. Kamera hii inakushawishi kuwapiga watu kwa mbali. Katika mialo yetu jambo hilo lina historia. Operesheni dhidi ya uvuvi haramu zimepita, nyavu zimechomwa, watu wamefikishwa mahakamani. Mvuvi akiona lenzi ndefu inamwelekea kutoka ng'ambo, hajui wewe ni mpenda picha au umetumwa kumhesabia matundu ya wavu. Hasira yake ina msingi. Ukinunua zumu, iwe kwa ajili ya ndege.

5. Kamera mpya ya bei ya chini kabisa, na vifurushi vya "kila kitu ndani"

Canon 4000D mpya kwenye boksi inavutia, lakini pale lenzi inapofungia ni plastiki na skrini yake ni ndogo, na kwa hela hiyohiyo unapata 700D iliyotumika iliyo bora karibu kwa kila kitu isipokuwa Wi-Fi na harufu ya upya. Vile vifurushi vyenye lenzi za kubandika mbele, stendi nyepesi na begi, nakuomba uviache dukani.

6. Droni

Si kifaa cha kuanzia. Inahitaji usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Uwanja wa ndege uko ndani ya jiji, na hifadhi kama Saanane hazikuruhusu kuirusha bila kibali chao.

Ukiwa mbele ya muuzaji

Adui wa lenzi zilizotumika kando ya ziwa ni kuvu. Fungua lenzi, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili ukiizungusha taratibu. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, iache hata akipunguza nusu ya bei. Mikwaruzo midogo ya kioo cha mbele haina madhara makubwa, kuvu inakua.

Kisha funga lenzi, weka f/16, piga anga tupu na uikuze picha. Madoa meusi ni vumbi la kihisi, linasafishika, tumia kushusha bei. Baada ya hapo uliza idadi ya shata, yaani mara ambazo pazia la kamera limefunguka kupiga picha. Bodi za daraja hili kwa kawaida hukadiriwa shata 100,000 hivi. Nikon huandika idadi hiyo ndani ya faili la picha, kwa hiyo piga moja, ihamishie kwenye simu na uisome kwa programu ya kusoma taarifa za picha. Canon nyingi haziandiki, inabidi kuunganisha na kompyuta. Muuzaji akikataa hata hilo, angalia jinsi mpira wa kushikia ulivyolika na uamue. Toa betri nje. Ikiwa imevimba au inaingia kwa kusukumwa, hesabu kwamba utanunua nyingine. Memori kadi nunua mwenyewe, mpya, na uijaribu kwa programu kama h2testw kabla ya kuiamini, maana kadi bandia huonyesha GB 64 wakati ndani hazipo.

Vifaa vingi hutoka Kariakoo na kupandishwa basi. Kabla hujatuma hela, omba simu ya video ambayo muuzaji anawasha kamera, anapiga picha, na anaonyesha namba iliyochapwa chini ya bodi. Mzigo ukifika stendi ya Nyegezi, ufungue mbele ya wakala na ulinganishe namba hiyo.

Ukifika nyumbani, usiiweke kwenye begi la ngozi. Chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya, kinasaidia kuzuia kuvu.

Haki zako ukiwa na kamera mtaani

Kushika kamera mtaani si kosa. Katiba ya 1977, ibara ya 18, inalinda uhuru wa maoni na wa kutafuta na kutoa habari. Ibara ya 16 inalinda faragha ya kila mtu. Mpiga picha anatembea katikati ya hizo mbili, na inampasa azijue zote.

Mpaka ulio wazi zaidi unatoka kwenye Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, inayozuia kupiga picha maeneo yaliyowekwa chini ya ulinzi. Kwa Mwanza mimi sielekezi lenzi kwenye kambi za jeshi, vituo vya polisi, Gereza la Butimba, uwanja wa ndege wala shughuli za ndani ya bandari. Kwenye kivuko cha Kamanga au Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo na Busisi, namsalimia mlinzi na kumuuliza kwanza. Hospitali kama Bugando si mtaa. Mgonjwa hapigwi picha.

Kuhusu watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Ukitaka kuitumia kwenye tangazo au kuuza bidhaa, pata ridhaa yake, ikiwezekana kwa maandishi. Mtoto, muulize mzazi. Mtu mzima akikuomba ufute, futa mbele yake hata kama ungeweza kushinda hoja. Na mwaloni anzia kwa viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) au ofisi ya soko: ukishajulikana kwao, wengine watakuita wenyewe uwapige.

Picha uliyopiga ni yako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda tangu unapoitengeneza, bila kusubiri usajili. Faili la awali la RAW ndilo ushahidi wako mzuri mtu akiichukua na kuitumia kibiashara. Kwa hiyo usilifute.

Mlinzi wa duka au wa hoteli anaweza kukutaka uondoke kwenye eneo lake, na uondoke. Hana mamlaka ya kuchukua kamera. Polisi akikuita, nenda naye kwa utulivu, mwite afande, jieleze, onyesha picha zenyewe. Ikiwa kamera itachukuliwa katika upekuzi, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamtaka ofisa atoe stakabadhi ya kilichochukuliwa. Iombe kwa adabu, na isome kabla ya kuondoka.

Hapo ndipo risiti ya dukani inapofanya kazi ambayo wengi hawakuifikiria siku ya kununua. Dai risiti ya EFD. Kama umenunua kwa mtu, andikishaneni karatasi yenye majina, tarehe, bei na namba ya bodi, mtie saini wote wawili. Ipige picha na uiweke kwenye simu, si kwenye kadi iliyo ndani ya kamera.