Frómista au Ucero: wapi pa kutembea Castilla?

Anayetaka kuijua kwa miguu Castilla ya vijijini, nchini Uhispania, huvutwa kati ya Frómista, mkoani Palencia, na Ucero, mkoani Soria. Kwa gharama na usafiri Frómista inashinda, kwani treni inafika na hosteli za mahujaji Wakristo wanaotembea kwenda mji wa Santiago ni za bei nafuu. Kanisa lake la San Martín, la karne ya 11, linastahili saa nzima: chini ya ukingo wa paa zimechongwa mamia ya sura za watu na wanyama. Njia yenyewe ya mahujaji, hata hivyo, haina kivuli, na jua la kiangazi ni kali.

Ucero huhitaji gari, lakini korongo la mto Lobos lina miti, tumbusi angani na, chini ya majabali, kikanisa cha San Bartolomé, ambacho hakifunguliwi kila wakati. Mwenye siku moja na watoto aende Ucero. Mwenye wiki nzima na mkoba mgongoni, Frómista.