Kubadilisha sanduku la meni swichi nyumbani: lipi la kununua, lipi la kuacha dukani

Breka, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, ikiruka mara tatu kwa wiki, wengi wetu humwita fundi aje kuweka kubwa zaidi. Ya ampea 20 inatolewa, ya 40 inapachikwa, nyumba inatulia na fundi anachukua chake. Waya uliomo ukutani ni uleule wa milimita 2.5 za mraba. Sasa unaweza kubebeshwa ampea 35 jioni nzima, ukachemka taratibu ndani ya bomba lake, na breka isitikisike. Breka imewekwa kuulinda waya. Friji na pasi yako haizijui. Ukubwa wa breka hufuata unene wa waya, na fundi anayeongeza ampea bila kuuliza waya ni wa ngapi usimpe kazi ya kubadilisha sanduku zima.

Tuweke wazi jambo moja mapema. Sanduku jipya halikuongezei umeme. Kiasi unachoweza kuvuta kinategemea waya unaotoka kwenye nguzo na fyuzi ya kampuni ya umeme iliyo kwenye mita. Ukitaka zaidi, maombi yanaanzia kwao. Unachonunua dukani ni namna ya kukata umeme pale mambo yanapoharibika, na ndivyo nilivyoyapanga masanduku ya dukani, kuanzia lililo bora: shawa ikivuja umeme usiku wa manane, nini kitazimika, na je, kitazimika kabla hajaguswa mtu?

Hapo ndipo RCD inapoingia. Ni kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika milliampea 30, maana yake kuna umeme unaopitia pengine, labda kwenye mwili wa mtu, nayo inakata kwa muda usiozidi sekunde 0.3. Breka ya kawaida haina uwezo huo. Chukua mwili wenye ukinzani wa ohmu 1,000 hivi kwenye volti 230: unapitisha ampea 0.23. Kiasi hicho kinaua, lakini kwa breka ya ampea 20 ni kama taa nne tano zimewashwa.

Namba moja: sanduku lenye RCBO kila njia, yaani kila mkondo wa nyaya unaolisha sehemu yake ya nyumba. RCBO ni breka na RCD ndani ya mwili mmoja. Shawa ikivuja inazimika shawa peke yake, taa zinabaki, friji inaendelea kunguruma. Kutafuta hitilafu nako kunakuwa rahisi, kwa sababu iliyoruka ndiyo yenye ugonjwa. Bei yake iko juu, sikatai. Lakini kwenye nyumba yenye watoto, pampu ya maji na shawa ya umeme, singefikiria mara mbili.

Namba mbili: sanduku lenye RCD mbili. Njia zinagawanywa makundi mawili, kila kundi chini ya RCD yake. Ni chaguo zuri kwa mfuko wa kawaida, ila mgawanyo uwe wa akili: taa za chumba zisikae kundi moja na soketi za chumba hichohicho, ili soketi zikikata usibaki gizani ukipapasa. Friji ikae mbali na shawa. Kosa ninaloliona zaidi kwenye masanduku haya ni nyutro kuchanganywa. Kila RCD ina mhimili wake wa nyutro, kipande cha chuma zinapokusanyika nyutro za kundi lake. Fundi akichomeka nyutro ya kundi la kwanza kwenye mhimili wa kundi la pili, unawasha taa moja ya korido na RCD inaruka papo hapo, na atakuapia kwamba kifaa ni kibovu. Kifaa ni kizima.

Namba tatu: sanduku lenye RCD moja kwa nyumba nzima. Nilikaa nalo miaka kadhaa. Tulisafiri siku nne, hita ikavuja siku ya kwanza, tukarudi na kukuta friji ni kabati la harufu. Tatizo jingine halionekani kwa macho: kompyuta, mashine ya kufulia na taa za kisasa kila moja huvujisha kidogo kwa kawaida yake, na vyote vinajumlishwa mahali pamoja. RCD ya milliampea 30 inaruhusiwa kuruka ikipita 15 tu, kwa hiyo nyumba yenye vifaa vingi itazimika bila kosa lolote. Kwa nyumba ya njia tatu nne, linatosha.

La kuacha dukani: breka tupu bila RCD. Kama unalo tayari na ni zima, muulize fundi kuhusu kuliongezea RCD kabla ya kung'oa kila kitu. Na lile la fyuzi za kufunga waya, liondoe. Si kwamba fyuzi ni mbaya. Siku inapoungua, yeyote aliye karibu anafungia waya wowote aliouona mezani.

Masanduku yanayoongea na simu? Pesa hiyo ipeleke kwenye erthi, waya unaoshusha umeme uliovuja ardhini. RCD inafanya kazi hata erthi ikiwa mbovu, lakini itasubiri mtu aguse ndipo ione uvujaji. Erthi ikiwa nzima, RCD inakata shawa inapoanza kuvuja, hakuna aliyeoga bado.

Ukifika kaunta, omba ushike kila kifaa mkononi. Kwenye uso wa breka tafuta namba 6000 ndani ya kiboksi kilichochorwa: hizo ndizo ampea za shoti inazoweza kukata bila kupasuka. Isiyo na namba hiyo irudishe. Herufi B au C mbele ya ampea inaonyesha uvumilivu wakati wa kuwasha: B huruka papo hapo umeme ukifika mara 3 hadi 5 ya kiwango, C mara 5 hadi 10, ndiyo maana pampu hupewa C. Kwenye RCD angalia mchoro: wimbi peke yake ni aina AC, wimbi lenye vilima chini yake ni aina A. Chukua A, kwa sababu vifaa vya kielektroniki huvujisha umeme ambao AC inaweza isiuone. Breka zote ziwe za kampuni iliyotengeneza sanduku. Za kuokoteza hazikai sawasawa kwenye basba, kile kipande cha shaba kinachozigawia breka umeme, zinashika nusu, zinapata joto. Mwili wa sanduku ukiwa wa chuma ni bora. Uingereza tangu Januari 2016 sanduku jipya la nyumbani hudaiwa liwe la kitu kisichoungua. Na hesabu njia ulizo nazo, kisha uongeze: ukiwa na sita, nunua la kumi.

Usilifungue mwenyewe. Hata swichi kuu ikiwa chini, skrubu zinazopokea waya wa mita bado zina umeme kamili, na wa kuuzima huko ni kampuni ya umeme. Kutoka nje unaweza kunusa na kuangalia: harufu ya plastiki iliyoungua, au ya samaki ilhali hakuna samaki, au kifuniko kilichopiga kahawia sehemu moja, ni simu ya leo.

Kazi ikiisha, kila breka iwe na jina lake, na fundi akuonyeshe vipimo: nyaya zimepimwa kwa volti 500 na hazikushuka chini ya megaohmu 1, RCD imepimwa kwa mashine. Kisha bonyeza mwenyewe kitufe cha T, cha kujaribia RCD, mbele yake. RCD ikigoma kuruka, usilipe.