Ziara ya visa vya uhalifu Nairobi: walimfokea mzee wangu mbele ya behewa la Ryall

Nilijiambia nilale juu ya jambo hili siku mbili tatu, hasira ipoe, ndipo niandike kwa adabu. Haijapoa. Naandika hivyo hivyo.

Ni ile ziara ya Jumamosi ya visa vya ajabu na mauaji ya Nairobi ya zamani. Kampuni siitaji, wao wenyewe wanajijua. Mimi na visa hivi ni kama mlevi na chupa. Usiku nasikiliza kesi za watu waliouawa kabla nyanya yangu hajazaliwa mpaka mume wangu anageukia ukutani. Nikalipia watu wawili kwa M-Pesa, mimi na mzee wangu, yaani baba, iwe zawadi yake ya kutimiza miaka sabini na kitu. Mzee alikuwa gadi wa treni karibu miaka thelathini. Siku hiyo alivaa koti na kofia, viatu amevipiga rangi tangu jana yake.

Tulianzia makumbusho ya reli, kwenye behewa namba 12. Hapo sitadanganya, nilisisimka. Ni behewa la mbao, dogo kuliko nilivyofikiria, na ukisimama chini ya dirisha unapima kwa macho na kujiuliza simba alipitaje pale na mtu mdomoni. Lakini alipita. Juni 1900, stesheni ya Kima, wazungu watatu walilala humo wakimvizia simba mla watu: Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, pamoja na Huebner na Parenti. Ryall ndiye aliyekuwa zamu na bunduki, usingizi ukamchukua. Simba akaingia, akamkanyaga Parenti aliyelala sakafuni, akamkamata Ryall. Huebner alikuwa kitanda cha juu, na ili afikie mlango wa pili ilibidi arukie mgongo wa simba. Anafika mlangoni, anakuta watumishi upande wa pili wameushikilia kwa nguvu zote usifunguke! Na mimi ningeushikilia.

Sasa sikiliza kijana wetu wa kutembeza wageni alivyosimulia. Ameshika kipaza sauti, anatangaza kwamba hili ndilo behewa ambamo "simba wawili wa Tsavo" walimla mzungu mwaka 1898.

Mzee akainua mkono, kama mwanafunzi. "Samahani kijana wangu. Wale wa Tsavo mhandisi wa reli Patterson aliwaua Desemba 1898, na ngozi zao ziko Chicago. Huyu ni mwingine, ni wa Kima, huku juu baada ya Sultan Hamud." Halafu akasogea behewani, akavua kofia, akaweka kiganja kwenye mbao na kuanza kutuonyesha lile jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwahi kulielewa. Behewa lilisimamishwa kwenye reli ya pembeni, halikukaa sawa. Mlango ulikuwa wa kusukuma kwa pembeni. Simba alipoingia na uzito wake, behewa likalalia upande mmoja na mlango ukateleza wenyewe, ukafunga. Akasukuma hewa kwa mkono polepole, taratibu, tak. "Simba naye akajikuta amefungiwa ndani. Ndiyo maana alitokea dirishani."

Watu walikuwa wamesogea. Mama mmoja alisema "Woi!" Na nadhani hiyo "woi" ndiyo iliyomuuma kijana.

"Mzee, umelipa kusikiliza ama kufundisha? Wacha nifanye kazi yangu." Akasema kwenye kipaza sauti. Hakukizima hata.

Wawili watatu wakacheka. Mzee akasema, "Haya, pole," akarudisha kofia kichwani, na hakufungua mdomo tena mpaka jioni. Mtu aliyenilea kwa mshahara wa reli anaambiwa hivyo mbele ya behewa, na mtoto ambaye sidhani amewahi kulala kwenye treni!

Kuanzia hapo sikuona zuri lolote. Maji ya kunywa yalikuwa ya moto. Kiti changu kilikuwa na chuma kinachochoma. Tulienda upande wa Karen kwa kisa cha Lord Erroll, mlowezi mwingereza wa enzi za ukoloni, aliyekutwa Januari 1941 amepigwa risasi ndani ya Buick yake, taa zinawaka, na watu wa lori la maziwa ndio waliomkuta alfajiri. Hatukushuka hata. Tulionyeshwa njia panda kupitia kioo, kisha kijana akatuambia Broughton, aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo kwa kuwa mkewe Diana alikuwa mpenzi wa Erroll, "alinyongwa". Alinyongwa wapi? Aliachiliwa Julai 1941, risasi hazikulingana na bastola iliyodaiwa kuwa yake, akaja kujiua kwa mofini Liverpool mwaka uliofuata. Utamu wote wa kisa kile ni kwamba hakuna aliyepatikana na hatia! Sikumsahihisha. Niliogopa kuulizwa nimelipa kufundisha.

Nyota moja.

Lakini niseme haki, dereva alikuwa mtu wa maana, alimshika mzee mkono kumshusha na kumwita "baba". Na kijana ana sauti nzuri, huenda hata amepewa karatasi akariri na hakuna aliyewahi kumwambia ina makosa. Angeomba msamaha kwenye gari ningempa nyota tatu na ningemtetea. Basi ziwe mbili.

Hapana. Nimekumbuka ujumbe wangu. Niliwaandikia usiku ule ule, kwa upole kabisa, sikudai hata senti, niliomba tu wampigie mzee. Tiki mbili za bluu, kimya. Siku mbili baadaye wakanitumia tangazo la ziara ya mwezi ujao, lete rafiki upunguziwe bei. Moja, na hiyo ni ya dereva.

Mzee mwenyewe hana kinyongo. Jana akiwa na chai yake ameniuliza kama behewa liko wazi siku za katikati ya wiki, maana kuna kitu chini kwenye magurudumu hakukiangalia vizuri. Tutashuka matatu pale Railways tutembee wenyewe, tulipe getini, na nitambebea kiti.